Kundi Lililokaa kwa Watu

Mvua ikinyesha hapa mtaani Migosi, ng'ombe huja kujikinga kwenye kibaraza cha duka lililo mkabala na geti letu. Sijui ni wa nani. Asubuhi hupita wakila maganda ya ndizi na mboga za sukuma zilizooza pale jalalani, jioni hurudi walikotoka, na hakuna anayewauliza. Juzi walikuwa wamesimama pale migongo ikifuka mvuke, na harufu ya ngozi iliyolowa, ya samadi na majani na joto la mnyama, ikaingia hadi jikoni nilikokuwa nakaanga vitunguu. Nikazima jiko. Binti yangu, aliyekuwa mezani na kazi yake ya shule, aliniuliza kama gesi imeisha. Nikamwambia hapana, ni vitunguu vimeniingia machoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majina ya makundi. Nyuki ni bumba, nzige ni wingu, ng'ombe ni kundi. Aliandika "kundi" bila hata kufikiri, akafungua ukurasa mwingine akaendelea na hesabu. Nilimwonea wivu kidogo. Mimi neno hilo nilianza kulielewa siku tuliyomlilia Baba, na sijui kama nimemaliza kulielewa.

Kwetu ni uwanda wa Kano, ukitoka Ahero na kuyapita mashamba ya mpunga, mahali ambapo maji hayana adabu. Yakitaka kuingia nyumbani kwako hayabishi hodi. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima kidogo, ndiyo maana mafuriko yakija watu wote walihamia madarasani na sisi wanafunzi tukapata likizo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kutuimbisha. Alitaja mnyama, sisi tukajibu kwa sauti moja, hata wale waliokuwa wakisinzia nyuma. Siku moja alituambia kila mtu atunge sentensi yenye neno "kundi". Nikasimama nikasema, "Baba yangu ana kundi la ng'ombe."

Darasa zima lilicheka. Walikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu wote walipita kwetu wakienda mtoni, na wote walijua kwamba nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kigingi kimoja, na kwenye kigingi kile ng'ombe mmoja mweusi, mkondefu, mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni. Mwalimu naye alitabasamu. "Kundi ni wengi, Awuor, na wako pamoja," akasema. "Mmoja si kundi. Keti."

Nilikuwa nimeyatoa maneno yale kwa Baba mwenyewe. Nilimsikia akimwambia Mama, wakati Mama alipolalamika kwamba watu wanamwita mke wa fukara, "Waache waseme. Mimi niko na kundi, na liko salama huko nje." Basi mimi nikaamini kwamba lipo na kwamba halionekani. Kila asubuhi nilizunguka nyumba nikiangalia huko nje. Niliona matope, kuku wa Mama na mwanzi wa kuanikia nguo. Nikaamua kwamba ng'ombe wa Baba wanakaa ndani ya mafunjo, kule kinamasini ambako watoto tulikatazwa kufika, na kwamba ni yeye tu anayeweza kuwaona. Nilimwambia kaka yangu Ochieng siri hiyo. Yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi na alipenda kunicheka, lakini siku hiyo hakucheka. Nadhani naye alitaka iwe kweli.

Tena nilikuwa na ushahidi. Kila Jumamosi Baba alitoka na baiskeli yake, kibuyu kimefungwa nyuma kwa mpira, na alirudi jua likielekea magharibi kibuyu kikiwa na maziwa. Ng'ombe wetu mweusi hakuwa akitoa maziwa ya kujaza hata kikombe. Na maziwa yale ya Jumamosi hayakuwa na ladha moja. Mara yalikuwa na utamu wa majani ya miwa. Mara yalikuwa na uchungu mdogo unaobaki kooni, kama wa majani ya mlimani. Na kulikuwa na Jumamosi ambazo yalikuja mazito, meupe kabisa, yasiyonukia moshi wala majani, na mdogo wetu Akoth, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, aliyanywa hayo mpaka tumbo likawa gumu. Baba alitutazama tukinywa. Sikumbuki akinywa yeye.

Mafuriko ya mwaka ule yalikuja wakati mpunga ulikuwa umeshakatwa na kufungwa. Baba alisimama majini kutwa nzima akiyatoa magunia na kuyabeba kichwani mpaka shuleni. Ng'ombe mweusi tulimwona akipita na maji, kigingi kikimfuata kwa kamba yake, na hakuna aliyeweza kufanya lolote. Maji yalipopungua Baba alianza kukohoa. Akawekewa blanketi juu ya blanketi, akatetemeka, akasema maneno ambayo hayakuwa na kichwa wala miguu. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, ameshikiliwa katikati ya dereva na jirani. Alirudi kwa gari, amelala, na Mama akiwa amevaa kanga yake kinyume bila kujua.

Nilimlilia Baba, lakini nitasema kweli, niliwalilia na ng'ombe wake. Nilijiuliza ni nani sasa atakayewaona.

Baba Mkubwa, yaani kaka mkubwa wa Baba, ndiye aliyeshika usukani wa msiba. Alikuwa mtu wa sauti nene, na mwenye ng'ombe wa kuonekana, waliojaa boma hadi walikanyagana. Siku zote alimdharau Baba kwa kuwa na kigingi kimoja. Jioni moja ya matanga aliketi na wazee wengine mbele ya nyumba yetu, nami nilikuwa mlangoni nimembeba Akoth, nikasikia wakituzungumzia.

"Marehemu alikuwa akisema ako na ng'ombe," mzee mmoja alisema. "Aliweka kwa watu."

"Kwa watu gani?" Baba Mkubwa akauliza. "Mama Ochieng, wewe unajua hiyo watu?"

"Sijui, Baba," Mama akajibu. "Hakuniambia. Alisema ng'ombe ya mtu haitajwi."

"Unaona! Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sasa sikia. Siku ya kufukuza kifo, kama hiyo ng'ombe iko, italetwa, tutaiona na macho. Ikikuja, utakaa hapa na watoto wako, utakamua, utauza maziwa, utasomesha. Isipokuja, wewe mwenyewe utawalisha nini hawa? Tutagawana watoto. Huyu mkubwa atakuja kwangu achunge."

Mama alikuwa akipepeta mchele, na alipepeta mchele uleule mpaka mwisho wa mazungumzo.

Usiku ule, kabla hatujalala, alitueleza mimi na Ochieng jambo ambalo Baba hakutueleza. Kwetu, mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Maji yakija, ugonjwa ukija, au jicho la jirani likija, wote watakwisha kwa siku moja. Kwa hiyo humpelekea rafiki mmoja ndama, na rafiki mwingine mtamba, huyu mlimani, yule kwenye miwa. Rafiki humtunza, hunywa maziwa, humpa mwenyewe kidogo anapomtembelea, na ng'ombe akizaa mara kadhaa rafiki hupewa ndama wake. Hakuna shahidi wala karatasi, na mwenye ng'ombe hamwambii mtu, hata mkewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na siku mwenye ng'ombe akifa, waliowekewa wanatakiwa kuwaleta wenyewe, bila kuitwa, waungane na ng'ombe wengine wakimbizwe mpaka mpakani kukifukuza kifo kilichomchukua.

"Na wasipowaleta?" Ochieng aliuliza.

"Basi hakuna wa kuwauliza," Mama akasema.

Niliumia sana kujua kwamba hakukuwa na ng'ombe wasioonekana ndani ya mafunjo. Ila nikaelewa kitu kingine kilichoniogopesha zaidi, kwamba kukaa kwetu pamoja, mimi na Ochieng na Akoth na Mama, kulikuwa mikononi mwa watu nisiowajua hata kwa sura. Kama wana haya, tutabaki. Kama hawana, basi. Sijawahi tena kuomba Mungu kama nilivyoomba siku zile, na niliomba kwa jina la ng'ombe, maana sikujua majina ya watu.

Kesho yake baada ya kuzika, jua lilitoka kali, matope yakaanza kupasuka. Wanaume walikuja wamejifunga majani ya mwituni vichwani, na filimbi, na fimbo ndefu, huku akina mama wa kanisa wameketi upande wao wakiimba nyimbo zao kana kwamba hawaoni. Baba Mkubwa alileta ng'ombe wake, boma zima, wakajaza uwanja. Tukangoja. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkono umeshika nguzo. Nilimtazama yeye kuliko nilivyotazama njia.

Wa kwanza alikuwa mzee mwembamba kutoka milima ya Nyakach, ametembea tangu jana yake, anamvuta fahali mwekundu aliyechoka, mtoto wa ng'ombe wa maziwa aliyekuwa amemfia. Alipofika aliangua kilio papo hapo, akaitaja nasaba ya Baba, akamwita ndugu. Halafu akaja kibarua mmoja wa mashamba ya miwa, kijana wa nguo zilizochakaa, na ng'ombe wa madoa na ndama wake. "Hii ndogo ilizaliwa kwangu," akamwambia Mama, akionyesha ndama, "hata Baba Ochieng alikuwa hajaiona. Nilikuwa nangoja Jumamosi." Mama aliweka kiganja juu ya kichwa cha ndama yule akakiacha hapo.

Akaja pia mwanamume mmoja mnene ambaye alilia kuliko wote, akajitupa chini, akachafua suti. Huyo alikuja mikono mitupu. Alisema wake alichukuliwa na maji. Watu walitazamana. Kwao yule mnene hawajawahi kupata mafuriko.

Wa mwisho alikuja kwa pikapu. Ilisimama barabarani kwa sababu ya matope, akashuka mama mmoja mfupi, kitambaa kichwani, mabuti ya mpira miguuni, akamshusha ng'ombe wa kisasa, mweupe na mweusi, kiwele kikubwa. Huyo alikuwa Mama Njeri, mwenye duka la chakula cha mifugo pale Kondele, mtu wa kutoka Nyeri huko. Hakujua Kijaluo hata kidogo. Alimvuta ng'ombe wake akapita katikati ya wanaume wenye majani vichwani, wakampisha kwa mshangao, mpaka akafika kwa Mama.

"Wewe ndio Mama Ochieng?" akauliza. "Pole sana, mama. Hii ng'ombe ni ya mzee wako. Nimekaa nayo nyuma ya duka. Aliniambia nisiambie mtu, na mimi sijaambia mtu. Leo nimesikia kwa stendi ati amezikwa jana, nikafunga duka."

"Wewe si mtu wa hapa," Mama alisema, akiwa bado haamini. "Nani amekuambia ng'ombe huwa inarudishwa?"

"Aii, si ni yake?" Mama Njeri akasema.

Hapo Mama alilia. Tangu Baba afe hakuwa amelia mbele ya watu, sasa alilia akiwa amemshika Mama Njeri mabegani, na Mama Njeri akilia pia kwa Kikuyu. Mimi nilikuwa na furaha ya kichaa. Nilimkimbilia Ochieng, nikampiga mgongoni, nikamwambia, "Ni kundi! Mwalimu ni mwongo, ni kundi!" Nilitaka mtu aende kaburini amwambie Baba.

Walipowaunganisha ili wawakimbize mpakani, mambo yaliharibika. Ng'ombe wa Baba Mkubwa, waliozoeana, walitimua pamoja kama walivyotakiwa. Wa kwetu walikataa. Fahali wa Nyakach alimgeukia ng'ombe wa madoa akamtia pembe ubavuni. Ng'ombe wa Mama Njeri, ambaye hajawahi kuona mwenzake tangu azaliwe, alikimbilia barabarani akitafuta pikapu. Ndama akabaki katikati akilia. Wanaume wenye majani vichwani walikimbia huku na huku, fimbo zikianguka, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na wengine waliocheka walikuwa bado na machozi. Walikuwa ng'ombe wa mtu mmoja, wamelishwa kwa moyo mmoja, lakini hawakuwa wamewahi kuonana. Niliwatazama nikaona aibu kwa niaba yao.

Baba Mkubwa hakucheka. Alisema, mbele ya wazee, kwamba sasa ng'ombe wa marehemu wakae pamoja kwenye boma lake, waangaliwe kama kundi la watu wenye heshima. Wazee waliitikia. Mama hakuwa na kauli, na sijui kama angekuwa nayo nani angemsikia.

Sitaki kurefusha. Fahali alichinjwa kwa ajili ya wageni wa matanga. Ng'ombe wa madoa aliota jipu pale alipochomwa pembe, akafa. Ng'ombe wa Kondele hakuzoea majani ya kwetu, akakonda, akauzwa, na Baba Mkubwa akasema bei aliyoitaka yeye. Ndama aliingia kwenye kundi la Baba Mkubwa, na baada ya mvua mbili tatu hakuna aliyeweza tena kusema ni yupi. Kabla mpunga wa msimu uliofuata haujaiva, hatukuwa na hata kwato. Ndipo Baba Mkubwa alipokuja tena kwetu, akaketi, akaitisha maji ya kunywa, akasema, "Sasa watoto."

Mama alimwambia amechelewa.

Na kweli alikuwa amechelewa. Mama alikuwa ameshatoka alfajiri moja na baiskeli ya Baba, yeye ambaye hajui kuendesha, akiisukuma tu. Ochieng alikuwa amepelekwa Nyakach, kwa mzee mwembamba. Akoth alikuwa kwa yule kibarua wa miwa, ambaye mkewe alikuwa na mtoto wa umri uleule. Mimi nilibaki wa mwisho, na siku ileile ya mazungumzo yao, Baba Mkubwa akiwa bado na kikombe mkononi, Mama alinifungia nguo zangu kwenye leso akanipeleka Kondele. Njiani aliniambia sababu, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya nyanya. Alisema amewapima watu wote anaowajua, ndugu na jamaa, na akaona kuna watatu tu ambao ukiwawekea kitu watakirudisha.

Mama Njeri alinipokea vizuri. Nililala kwenye chumba cha nyuma, ukuta mmoja na zizi lililokuwa tupu, na chumba kilinukia molasi na pumba za mahindi. Alinisomesha pamoja na Njeri wake. Kila Jumamosi, mwanzoni, Mama alikuja kuniona. Aliniletea dagaa, aliniangalia meno, aliniangalia nywele, aliuliza kama nakula. Nilimwomba anirudishe nyumbani, nikamwahidi sitakula sana. Akasema bado. Halafu Jumamosi zikawa za nadra, kwa sababu alikuwa na sehemu tatu za kwenda na miguu miwili. Majirani wa Kondele waliponiuliza kwetu tuko wangapi, niliwaambia niko peke yangu. Niliwaficha kaka yangu na mdogo wangu kwa makusudi. Niliamini kwamba nikiwataja, kuna mtu atakwenda kuwachukua.

Tulikua hivyo. Hakuna aliyetutesa. Watu huwa wanangoja nifike hapo nianze kulalamika, na sina la kulalamika. Tulilishwa, tulivishwa, tulisomeshwa kila mtu kwa uwezo wa aliyemtunza. Mimi huota kwa Kiswahili na Kikuyu kuliko Kijaluo. Akoth hajui kama aliwahi kuishi kwetu, anajua ameambiwa. Ochieng alikwenda kutafuta kazi upande wa Tanzania akiwa hajaota ndevu, na habari zake zilikuja kwa simu za watu wengine, kisha hazikuja.

Mama alipofariki, mzee wa Nyakach alikuwa ameshatangulia, lakini wanawe waliitafuta namba ya Ochieng mpaka wakaipata. Mama Njeri, amezeeka, miguu imevimba, alinishika mkono akanipeleka yeye mwenyewe mpaka Ahero, ingawa mimi ni mtu mzima mwenye mume na watoto. Akoth aliletwa na yule kibarua, ambaye sasa ana shamba lake. Tulikaa chini ya hema pamoja na wageni wengine, kila mmoja karibu na aliyemleta.

Mchana aliingia mwanamume mmoja wa makamo, ndevu zina mvi, begi bado begani. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa heshima, akapita mstari wa viti, akafika nilipoketi. Alininyooshea mkono.

"Pole kwa msiba," akasema. "Mimi naitwa Ochieng, ndio mtoto mkubwa wa hapa. Na wewe, mama, ulikuwa nani wa marehemu?"